Klimatizeri Yako Haipumziki? Tafuta Ugonjwa Mbele ya Dawa



Kila mwaka joto la mwezi wa tisa na wa kumi likianza, tunapokea kwenye dispansere wagonjwa wa namna moja. Ni watu wa posta ya usiku. Macho ni mekundu, kichwa kinauma, mwili umelegea. Tunapima malaria: hakuna. Tunapima tansio: ni nzuri. Ndipo tunauliza: «Baba, mchana unalala namna gani?»

Mmoja wao, dereva wa lori kubwa la mchimbo, alinijibu hivi: «Munganga, nilinunua klimatizeri ili nipate usingizi. Inatumika tangu asubuhi mpaka jua linatua, haisimami hata dakika moja, na chumba kinabaki moto. Sasa ninalipa umeme, ninasikia kelele, na usingizi sipati.»

Mtu aliyelala masaa 3 tu, kisha usiku anashika usukani wa lori lenye tani nyingi za mawe kandokando ya shimo, huyo ni mgonjwa hata kama damu yake haina mdudu. Nilimwambia nitapita kwake siku ya pumziko.

Mimi si fundi wa frigo. Kazi yangu ni ya sindano, vidonda na vipimo. Lakini shuleni tulifundishwa kwamba mgonjwa hapewi dawa kwa kumtazama tu akiwa mlangoni. Unauliza, unaangalia, unagusa, unapima, kisha ndipo unaandika. Tulifanya vilevile kwa mashini ya baba huyu, tukisaidiwa na jirani yake ambaye ni fundi wa umeme. Tuliyoyaona pale yanapatikana katika nyumba nyingi, labda hata katika yako.

INABEBA JOTO, HAITENGENEZI BARIDI

Wengi wanafikiri klimatizeri inatengeneza baridi. Hapana. Ni mchukuzi. Inakamata joto lililo ndani ya chumba, inalipitisha katika mirija kwa njia ya gazi, na kulitupa nje. Kazi ya kusukuma gazi hiyo ni ya kompresere, ile mashini inayonguruma katika sanduku la nje.

Ninyi mnaofanya kazi chini ya udongo mtaelewa upesi. Maji yanaingia mgodini kila saa, na pampu zinayatoa. Pampu zikishindwa, maji yanapanda, kama ilivyotokea Kipushi mwaka 2011 pampu zilipoharibika. Nyumba yako ni kama mgodi huo, na joto ndilo maji yake. Kuna chombo kidogo kinachoitwa termostate, ndicho mlinzi. Joto likishuka mpaka namba uliyochagua, mlinzi anaamuru kompresere isimame. Asipoiona namba ile, haamuru kitu, na mashini inaendelea.

Basi mashini isiyosimama inakuambia kwamba joto linaingia kwa wingi kuliko linavyotoka, ao kwamba yenyewe imekosa nguvu ya kubeba, ao kwamba umeipa amri isiyoweza kuitimiza. Mara nyingine haina ugonjwa wowote, ni sisi tu hatukuielewa. Tuanze hapo.

Toka nje usikilize. Upepo unaosikia chumbani si alama kwamba kompresere inatumika. Katika mashini nyingi ventilatere ya ndani inaendelea kuzunguka hata kompresere ikisimama, ndivyo zilivyotengenezwa. Simama karibu na sanduku la nje kwa robo ya saa. Likinyamaza, kisha likaanza tena, mashini yako ni nzima. Tena kuna mashini mpya zinazoitwa inverteri. Hizo hazisimami kama zile za zamani, zinapunguza mwendo, kama dereva anayekwenda polepole bila kuzima motere. Ikiwa chumba kimepoa na sanduku la nje linanong'ona tu, usiite fundi, utampa franka za bure.

Kisha angalia namba kwenye telekomande. Baba yule aliweka 16. Alifikiri kwamba kwa 16 chumba kitapoa upesi zaidi. Si kweli. Kompresere ya kawaida ina mwendo mmoja tu: uweke 16, uweke 25, inasukuma sawasawa. Tofauti ni kwamba 16 haitaifikia kamwe saa nane ya mchana, jua la mwezi wa kumi likiwa limekaa juu ya malata. Weka 25 ao 26. Kwa mtu aliyetoka kazini amechoka, hiyo inatosha kabisa kwa usingizi. Na upepo usielekezwe juu ya mtoto mchanga.

Sasa pima. Bibi wa baba huyu alituletea termometre ya homa ya mtoto. Tulicheka pamoja naye, lakini ni kosa la watu wengi. Termometre ya homa inaanza kwenye 35, na ile ya zebaki haishuki yenyewe mpaka uikung'ute. Haifai kwa chumba. Tafuta termometre ya ukutani, ile ya bei ndogo. Acha mashini itumike dakika 20, kisha pima hewa mahali inapoingia, juu ya sanduku la ndani, na tena mahali upepo unapotokea chini. Tofauti ikiwa digrii 8 mpaka 12, mashini inabeba vizuri. Ugonjwa uko katika nyumba. Tofauti ikiwa 3 ao 4 tu, ugonjwa uko katika mashini.

Kwa baba yule hewa iliingia na 31, ikatoka na 27. Basi tulifungua mashini.

VUMBI

Mbele ya kufungua, zima kwenye disjonteri, si kwa telekomande tu. Telekomande inalaza mashini, lakini haiondoi umeme ndani yake.

Kifuniko cha mbele kinainuka kwa vidole. Ndani yake kuna filtre, yaani wavu mwembamba wa plastiki. Ile ya baba yule haikuwa wavu tena. Ilikuwa kipande cha blanketi jekundu. Aliniambia kwamba hakuifungua tangu alipoinunua, mwaka wa pili huo. Si mvivu, hakuna aliyemwambia.

Hali ya kwetu haisaidii. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hainyeshi, malori yanapita, njia inavuka moshi wa udongo. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi kali, hakuna anayewasha klimatizeri. Mashini inalala pale ukutani ikikusanya vumbi, buibui na mijusi. Halafu mwezi wa tisa joto linaanza, tunabonyeza kifungo na kutaka itumike sawa na mashini mpya. Hewa haiwezi kupita. Mashini iliyozibwa filtre ni kama mtu anayepanda ngazi za mgodi akiwa ameziba pua na mdomo kwa kitambaa.

Kuisafisha ni kazi ya dakika 10, lakini ninawaomba akina mama waifanye hivi. Filtre itolewe polepole na kupelekwa nje, mbali na chakula na watoto. Jifunge kitambaa puani. Usiipige ukutani, usiipulize kwa mdomo. Mwagia maji kwanza ili vumbi lisiruke, kisha osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, na kausha kivulini, kwa sababu jua linapinda plastiki. Wakati wa jua kali na vumbi fanya hivyo kila siku 15. Wakati wa mvua mara moja kwa mwezi yatosha. Maji machafu yamwagwe mahali ambapo watoto hawachezi.

Mnaweza kusema munganga anazidisha. Mnamo 2009 watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba walipima mkojo wa watu wanaokaa karibu na michimbo na viwanda vya Katanga, wakakuta kobalti nyingi kupita kiasi, na hasa kwa watoto. Vumbi la kwetu linabeba madini. Linalokamatwa na filtre yako halijaingia katika kifua cha mtoto wako, basi usilirushe tena hewani kwa kuipiga filtre ukutani kama mkeka.

Baada ya kuosha tulipima tena. Tofauti ilipanda kutoka 4 mpaka 7. Bado.

Tulizunguka nyumba. Kwa kuogopa wezi, baba alilizungushia sanduku la nje malata pande zote, akaacha tundu la mkono tu. Ninamwelewa, wezi wa shaba na kompresere wako kila mtaa. Lakini joto linalotupwa nje linagonga malata, linarudi, linavutwa tena. Ni sawa na kumwaga maji ya pampu kwenye mdomo wa mgodi. Kinga kwa vyuma vyenye nafasi, kama vya madirisha, na acha angalau nusu metre mbele bila ukuta, bila gunia la makala, bila nguo za kuanika. Mapezi membamba ya nyuma yasafishwe kwa brashi laini na maji ya polepole, umeme ukiwa umezimwa. Malata yalipotolewa na mapezi yalipooshwa, tofauti ilifika 10.

NYUMBA YENYEWE

Hata hivyo kompresere haikusimama. Ndipo bibi akasema jambo ambalo sisi wanaume wawili hatukulifikiri: «Lakini hewa ya jikoni inaingia huku.»

Ni kweli. Juu ya mlango wa chumba kulikuwa na tundu la zamani la kupitisha hewa, kubwa kama tofali mbili. Mlango wenyewe ulikuwa haufungwi, kwa sababu baba alitaka baridi ifike mpaka kwenye chumba cha kukaa. Mashini yake ni ya BTU 9 000, inayofaa chumba cha metre 12 mpaka 15 za mraba. Huwezi kuipa nyumba nzima. Chagua chumba kimoja, kile anacholala mtu wa posta, ukifunge vizuri. Weka pazia zito kwenye dirisha linalotazama magharibi. Kama hakuna plafoni chini ya malata, anza kutafuta plafoni, maana franka utakazolipa kwa mbao utaziokoa kwenye umeme. Frigo isiwe katika chumba hicho, nayo inatupa joto lake humohumo. Na kama malata ya nyumba yako ni yale ya zamani ya amianti, usitoboe wala kukata kwa ajili ya mirija. Vumbi lake linaua mapafu polepole.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa sauti kubwa. Klimatizeri nyingi za nyumbani hazileti hewa mpya. Zinazungusha ileile ya ndani. Ukifunga milango na madirisha ili baridi isitoke, usiache kamwe mbabula yenye makala ndani ya nyumba, hata ikiwa moto wake umebaki mdogo na hauna moshi. Makala yanayowaka yanatoa gazi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Jenereta nayo ni hivyo hivyo: isiwe kwenye baraza wala chini ya dirisha. Ikiwa watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, wanatapika, wanapata kizunguzungu, na wakitoka nje wanapata nafuu, usiseme ni malaria. Toa wote nje, fungua kila kitu, wapeleke dispansere mara moja. Bukari ipikwe nje ao chini ya paa lililo wazi.

BARAFU NA GAZI

Mara nyingine utaona barafu nyeupe kwenye mrija ao ndani ya mashini. Wengine wanafurahi, wanafikiri ni baridi nyingi. Barafu inaziba hewa, na mashini inajichosha bure. Zima baridi, acha ventilatere peke yake kwa masaa machache mpaka iyeyuke. Usichokoe kwa kisu, utatoboa mrija. Kama filtre ni safi na barafu inarudi, huenda gazi imepungua.

Jueni jambo hili: gazi haichakai, haimalizwi kama mafuta ya lori. Ikipungua, imevuja. Fundi anayekuongezea gazi kila mwaka bila kutafuta tundu ni kama mimi nikimwongezea mtu damu na kuacha kidonda wazi. Mwambie atafute tundu, alizibe, ndipo aongeze. Gazi hiyo ikiruka inachoma macho na ngozi kwa baridi. Ikigusa moto inaweza kutoa moshi wa sumu. Tena gazi za mashini nyingine mpya zinaweza kushika moto. Fundi akiwa kazini, hakuna sigara, hakuna mbabula karibu, na dirisha liwe wazi.

WAYA ULIOJIFICHA

Yote niliyoyasema mpaka sasa yalihusu usingizi na franka. Lakini jambo lililonitisha siku ile lilikuwa chini ya zulia.

Mashini ilichomekwa kwenye ralonji nyembamba, na ralonji hiyo ilibeba pia frigo na pasi. Mama aliifunika kwa zulia ili watoto wasijikwae. Fundi wa umeme alipolifunua, aligusa waya akaondoa mkono. Prizi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa, na plastiki yake imelainika. Harufu ya kuungua ilikuwepo tangu wiki 2, lakini walidhani ni ya jikoni. Chumba cha pili, nyuma ya ukuta huo, walilala watoto 3.

Mashini inayosimama na kuanza inaupa waya muda wa kupoa. Mashini isiyosimama haiupi. Waya uliovumilia nusu saa hautavumilia masaa 10. Kwa hiyo klimatizeri isiyopumzika si jambo la kungojea mwisho wa mwezi. Leo hii, mbele ya kulala, gusa waya na kifuniko cha prizi kwa nyuma ya mkono. Vuguvugu kidogo si kitu. Moto, ao harufu, ao rangi iliyobadilika: zima, usiwashe tena.

Klimatizeri iwe na waya wake peke yake toka kwenye kabati la umeme, wa milimetre 2,5 za mraba, na disjonteri ya ampere 16, pamoja na waya wa udongo. Usitumie multiprizi. Disjonteri ikiruka, usiifunge kwa nguvu wala kuweka uzi wa shaba mahali pa fuzibo. Inaruka kwa sababu imeona hatari usiyoiona. Moto ukianza kwenye waya, kata umeme kwanza, toa watoto, usimwagie maji. Mchanga mkavu ao kizima-moto cha unga ndivyo vinavyofaa. Na mtu akishikwa na umeme, usimguse mbele ya kukata.

Jioni, taa zote za mtaa zinapowaka, umeme unashuka. Taa ikififia na kompresere ikilia kwa shida bila kuzunguka sawasawa, zima. Umeme wa chini unalazimisha kompresere kuvuta zaidi, nayo inachemka. Regilateri inasaidia ikiwa ina nguvu ya kutosha kwa mashini hiyo. Umeme ukikatika na kurudi, ngoja dakika 5 mbele ya kuwasha.

Neno fupi juu ya maji yanayodondoka. Ni maji ya hewa, hayana ubaya. Ubaya ni ndoo inayoachwa wiki nzima mpaka mbu wanazaa humo. Mwaga kila siku 2. Na chumba cha baridi hakiondoi mustikere kitandani, mbu wa malaria haogopi digrii 25.

Ukimwita fundi, mpe vipimo ulivyochukua: hewa inaingia na ngapi, inatoka na ngapi, umeosha filtre siku gani, barafu iko ao haiko, sanduku la nje linanyamaza ao halinyamazi. Fundi mwema atafurahi, kama mimi ninavyofurahi mama akinijia na karatasi ya homa ya mtoto, asubuhi na jioni. Fundi mwingine atakasirika. Huyo mwache aende.

Siku 10 baadaye baba yule alirudi dispansere, si kwa kichwa bali kumleta mtoto kwa chanjo. Waya mpya umevutwa, zulia limerudi mahali pake bila kitu chini yake. Analala toka saa mbili ya asubuhi mpaka saa nane. Tundu la juu ya mlango halijazibwa. Kwa sasa bibi ameweka gunia, na anangojea mbao.